Ahadi ya Dola, Je, ni Dhamana?

Watu wa miji yetu, ambao wengi wao wamelelewa katika biashara, hawahitaji kufundishwa tofauti iliyopo baina ya ahadi na dhamana. Mtu akisema, "Nitakulipa," hiyo ni ahadi. Asipolipa, mdai hana la kushika illa malalamiko. Akisimama mtu wa pili akasema, "Asipolipa huyu nitalipa mimi," hiyo ndiyo dhamana, kwani mdhamini naye ameitia mali yake khatarini. Mwenye akili hatoi bidhaa yake kwa ahadi akadhani kuwa ameshika dhamana. Walakin jambo hili lililo wazi dukani hufichika katika mapatano ya madola, na yatupasa tulitazame, kwani linatuhusu na sisi.

Dola la Kisovieti lilipovunjika mwaka 1991, Ukraine ilijikuta na vichwa vya nyuklia vya masafa marefu vipatavyo 1,900 katika ardhi yake, akiba ya tatu kwa ukubwa duniani. Tarehe 5 Desemba 1994, katika mji wa Budapest, wakuu wa Ukraine, Urusi, Marekani na Uingereza walitia sahihi hati moja. Ukraine ilikubali kuwa nchi isiyo na silaha hizo. Wale watatu nao wakaahidi kuheshimu uhuru wake na mipaka yake, wasitumie nguvu wala vitisho juu yake, wala wasiibane kwa njia ya uchumi. Kufikia katikati ya mwaka 1996 vichwa vyote vilikuwa vimekwisha kupelekwa Urusi. Mwaka 2014 Urusi iliitwaa Crimea, na tarehe 24 Februari 2022 majeshi yake yaliivamia Ukraine kutoka pande kadha.

Sasa tazama maneno ya hati yenyewe. Iliandikwa kwa Kiingereza, Kirusi na Kiukreni, na nakala zote zikahisabiwa kuwa na nguvu sawa. Ile ya Kiingereza ilichagua neno lenye maana ya kumtuliza mtu moyo kwa maneno. Zile mbili nyingine zikatumia neno la dhamana. Aliyekuwa akitoa silaha alisoma dhamana. Aliyekuwa akitoa neno alisoma hakikisho tu. Na alipotafutwa mdhamini hakuonekana. Hati ilisema kuwa watashauriana. Mwezi wa Machi 2014 Ukraine iliomba mashauriano. Marekani na Uingereza ziliketi nayo Paris, Urusi haikuketi. Tarehe 25 Februari 2022 shauri lilifika mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa: nchi 11 ziliunga mkono azimio la kuupinga uvamizi, 3 zikajizuia, na Urusi peke yake ikalipinga, azimio likafa, kwani kura yake ni ya turufu. Mshitakiwa alikuwa ameketi katika kiti cha hakimu.

Wako wasemao kuwa Ukraine haikupoteza kitu, kwa sababu amri ya kuzirusha silaha zile ilikuwa mikononi mwa Moscow. Ni kweli kuwa amri ilikuwa huko. Lakini aliyepokea kitu kwa bei waliyopatana hawezi kurejea, baada ya kukitia ghalani, akasema kuwa kitu kile hakikuwa na thamani. Lau hakikuwa na thamani, kwa nini wakuu wanne walikwenda Budapest kutia sahihi? Deni halifutiki kwa mdaiwa kuitukana bidhaa aliyoichukua.

Wengine husema, "Basi funzo ni hili: kila taifa lishike bomu lake, wala lisimwamini mtu." Hoja hii ina nguvu, na mwenye kuitoa hawezi kuchekwa. Lakini afikiri usiku wa tarehe 26 Septemba 1983, ambapo mitambo ya Kisovieti ilionyesha kuwa makombora ya Marekani yamekwisha kurushwa. Afisa wa zamu, Stanislav Petrov, aliona kuwa mitambo imekosea, na kweli ilikuwa imekosea. Usiku ule dunia ilisalimika kwa busara ya mtu mmoja. Tukizidisha mabomu tunazidisha na usiku kama ule, wala hapana ajuaye kama kila zamu itakuwa na Petrov wake.

Nasi Waafrika tusidhani kuwa haya ni mambo ya Wazungu. Afrika Kusini ilikuwa na mabomu sita, ikayavunja kwa hiari yake, na Rais de Klerk akayatangaza hayo mwaka 1993. Tarehe 11 Aprili 1996 mataifa ya bara letu yalitia sahihi mjini Cairo Mkataba wa Pelindaba, wa kuifanya Afrika kuwa ardhi isiyo na silaha za nyuklia, na ukaanza kutumika mwaka 2009. Pamoja nao iko hati ambayo wenye mabomu wanatakiwa waahidi kutotushambulia kwa silaha hizo wala kututisha nazo. Marekani ilitia sahihi mwaka ule ule wa 1996, lakini Baraza lake la Seneti halijaithibitisha. Basi sisi nasi tumeketi chini ya kivuli cha ahadi.

Kwa hiyo twaona kuwa anayeivunja ahadi aliyompa mtu aliyeweka silaha chini ametenda khiana mbili. Ya kwanza ni juu ya yule aliyemwamini. Ya pili ni juu ya kila mtu aliyekuwa karibu kuweka silaha yake chini, ambaye sasa atairudisha kiunoni. Khiana hii ya pili haina mpaka, na khasara yake itawafika watoto ambao hawajazaliwa.

Dawa si kuacha kuahidiana. Dawa ni kuuliza kabla ya kutoa, si baada ya kutoa: ni nani mdhamini, atatoa nini ahadi ikivunjwa, na hakimu ni nani asiyekuwa mshitakiwa? Na pale ahadi inapovunjwa, tuseme kuwa imevunjwa, awe aliyeivunja ni rafiki yetu au ni adui yetu. Anayenyamaza kwa sababu mvunjaji ni rafiki yake, siku itakapovunjwa ahadi aliyopewa yeye, atamlilia nani?