Deni la Mlezi

Mtu achukuapo mtoto wa mbwa nyumbani kwake, huchukua nini? Aghalabu hudhani amechukua kitu kidogo cha kufurahisha watoto. Kwa hakika amechukua maisha ya miaka kumi au zaidi, na sehemu kubwa ya maisha hayo bado haijaonekana machoni pake.

Nilipokuwa nikikaa Ipyana, katika bonde la Kyela, nilipewa kijibwa chotara wakati wa mavuno ya mpunga. Mama yake alikuwa mbwa wa kawaida wa kijijini. Baba yake, mbwa mkubwa wa ulinzi mwenye mbegu ya Kijerumani. Alikuwa na umri wa wiki 8, akilala ndani ya kikapu cha kuchumia kakao. Kila niliporudi alinirukia miguuni, nami nilicheka nikampapasa. Alipotimiza miezi 8 alinirukia vilevile, lakini sasa nyayo zake zilifika mabegani. Siku moja alimrukia mtoto wa jirani kwa furaha, akamwangusha mferejini. Nilishika fimbo nikampiga. Jioni majirani walinishauri nimfunge mnyororo usiku na mchana, au nimvushe Mto Kiwira nimwache huko.

Usiku ule sikupata usingizi. Kosa lilikuwa la nani? Mbwa hakubadili tendo, alibadilika kimo. Nilimwadhibu kwa somo ambalo kicheko changu kilimfundisha. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, nami nilitaka alipe mwanafunzi, mwalimu aachwe.

Wapo wasemao kwamba mnyama hana ulimi wa kudai, kwa hiyo hatumwii deni. Hoja hii ni dhaifu. Mtoto mchanga naye hana ulimi wa kudai. Deni halitokani na ulimi wa mdai, bali na mkono uliopokea. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 imeandika sehemu ya deni hilo. Sehemu iliyosalia imeandikwa katika dhamiri.

Kulilipa si kazi ya siku moja. Mbwa wa umbo kubwa huendelea kukua hata miezi 18 au zaidi, na mifupa yake haipendi kunenepeshwa upesi wala kuchoshwa kwa mbio ndefu kabla ya kukomaa. Hahitaji makombo tu, bali chakula cha kipimo, maji safi, kivuli, na chanjo ya kichaa cha mbwa, maradhi ambayo yakishaonyesha dalili kwa mwanadamu ni nadra mno kupona. Zaidi ya yote, huhitaji amri isiyogeuka: litakalokatazwa ukubwani na likatazwe udogoni.

Sikuvuka mto. Nilianza upya. Aliporuka nilimpa kisogo, alipotulia nilimpapasa. Ilichukua miezi mingi, na mara nyingi subira ilinikimbia kabla ya mbwa kutulia.

Kwa Kinyakyusa, ipyana ni neema. Kumpokea mnyama mdogo ni neema, ambayo mtu aweza kuitoa au kuizuia. Kumtunza akishakuwa mkubwa si neema tena, ni deni.