Ufa Chini ya Rangi

Maandiko ya kusoma nyumbani: Walawi 25:14, Zaburi 15, Mithali 20:14, Mathayo 7:12



Wiki iliyopita, baada ya somo la Zaburi ya 15, ndugu mmoja alinisimamisha pale mlangoni akaniuliza: "Pasta, nikiuza kitu changu na mnunuzi hajauliza kasoro, nikinyamaza nimetenda dhambi?" Nilimjibu haraka, "Ndiyo," tukaagana. Lakini nilipofika nyumbani dhamiri ilinishtaki. Swali hilo mimi mwenyewe niliwahi kukaa nalo siku nne, na siku tatu za kwanza jibu langu lilikuwa hapana. Basi wacha niwasimulie, halafu tufikiri pamoja.

Mwaka juzi tulikuwa watu watatu: mimi, mzee mmoja wa kanisa, na kijana mmoja anayeuza simu sokoni. Tulichanga shilingi 380,000 tukanunua pikapu kuukuu ya dizeli. Haikuwa mali ya kanisa, ilikuwa yetu. Tulitaka gari la kutufikisha Ifo, Dagahaley na Hagadera kuwaona waumini, na shule zikifungwa tuwapeleke vijana kambini, Bour-Algi karibu na mji wa Garissa, kule kwenye hifadhi ya twiga. Walale kwenye hema, waote moto, waombe, waamke wamezungukwa na twiga badala ya mabati. Kijana aliyekulia hapa Dadaab anajua foleni na uzio. Kulala nje kwa furaha ni kitu kingine.

Njia mnaijua. Kutoka hapa hadi Garissa ni kama kilomita 100. Kiangazi ni mchanga unaomeza tairi, na mvua ikinyesha ni tope linaloshika lori siku kadhaa. Pembeni ni mathenge, na mwiba wa mathenge hauheshimu tairi jipya wala la zamani. Gari la njia hii halichaguliwi kwa sura.

Sasa ukiwa na gari kuukuu na pesa kidogo, unaanzia wapi? Kijana wetu alitaka rangi mpya na taa kubwa za juu. Fundi wetu, Msomali mmoja aliyezaliwa papa hapa kambini na kujifunza kazi kwa macho, alicheka. Akasema, "Pasta, kwanza gari lisimame. Pili ligeuke. Tatu lisichemke. Taa baadaye." Yaani breki, usukani, halafu rejeta na mipira yake ya maji. Baada ya hapo springi na tairi. Akatufundisha kwamba kwenye mchanga unapunguza upepo wa tairi ili likanyage kwa upana, na ukifika kwenye barabara ngumu unajaza tena, maana tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa linapata joto na kupasuka. Akatuambia tubebe beleshi, mbao mbili ngumu za kuweka chini ya gurudumu, tairi la akiba, na maji mara mbili ya tunayodhani yatatosha.

Hata maji yana hesabu yake. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20. Mitungi mitano ni kilo 100 kabla hujapandisha mtu. Weka vijana kumi, hema, sufuria na kuni, umekaribia tani. Mzigo wote huo unakaa juu ya chasisi, ile mifupa miwili mirefu ya chuma inayobeba kila kitu. Ukitaka kujua afya ya pikapu usiangalie mlango. Lala chini.

Fundi alilala chini na brashi ya waya. Chini kulikuwa kumepakwa kitu kizito cheusi, tukadhani ni dawa ya kuzuia kutu. Alipokikwangua nyuma ya kabini, upande wa kushoto, akaniita. Palikuwa na ufa wa zamani uliochomelewa juu juu kisha ukafunikwa. Ile rangi nyeusi ilikuwa pazia tu.

Tulimpigia dalali aliyetuuzia. Alijibu kwa upole kabisa: "Si mlikagua wenyewe?" Akakata simu.

Fundi alifanya alichoweza. Alitoboa tundu dogo mwisho wa ufa ili usiendelee, akakwangua chuma kibovu, akachomelea upya, akaongeza bamba la chuma lililokatwa kwa mshazari, kwa sababu bamba la kukatwa wima linakusanya nguvu zote mahali pamoja na chuma kinapasuka kando yake. Kazi nzuri. Lakini akaniambia waziwazi: "Kwa nyinyi watu wa kanisa itatosha. Mtu akibeba tani na nusu kila siku kwenye njia hii, sikuahidi." Kwa jumla tulitumia shilingi 140,000. Vijana walienda kambini, wakaona twiga, wakarudi salama wakiimba.

Miezi saba baadaye mzee wetu akahitaji pesa, binti yake alikuwa amepata nafasi chuoni. Tukakubaliana kuuza. Akaja mfanyabiashara mmoja, mtu mzima mwenye heshima zake, akazunguka gari, akawasha injini, akasikiliza, akapenda. Tukapatana shilingi 560,000. Jumatatu alilipa arubuni, akasema Alhamisi analeta zilizobaki. Wakati wa kuondoka akataja jambo moja kama mazungumzo tu: atabeba bidhaa kati ya Garissa na Hagadera, na watu watapanda juu ya mzigo, unajua tena.

Hakuuliza juu ya chasisi. Na mimi sikusema.

Mimi nimesoma biashara, na shahada ni kitu kizuri, lakini siku zile ilinisaidia kujitetea. Nilijiambia, mnunuzi ndiye anayepaswa kujihadhari. Nilijiambia kwamba Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inambana zaidi mtu ambaye kazi yake ni kuuza bidhaa za aina hiyo kuliko mimi niliyeuza gari langu mara moja. Nilijiambia ufa umeshatengenezwa, na kilichotengenezwa si kasoro tena. Na mwisho, ndugu zangu, nikajisikia nikijiandaa kusema, "Si alikagua mwenyewe?" Maneno yaleyale ya dalali. Nilipoyasikia kwa sauti yangu nilishtuka.

Swali hili si la Dadaab peke yake, wala si la leo. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Mrumi mmoja aitwaye Cicero aliandika kitabu cha wajibu, na ndani yake akaeleza mabishano ya wanafalsafa wawili, Diogenes wa Babeli na mwanafunzi wake Antipater. Mfano wao ni wa mtu anayeuza nyumba ambayo mbao zake zimeoza na yeye peke yake ndiye anayejua. Diogenes anamtetea: hakumlazimisha mtu kununua, na kunyamaza si sawa na kudanganya. Antipater anakataa. Anasema kumwacha mnunuzi aingie hasarani kwa kutojua ni kama kumwona mtu amepotea njia ukakataa kumwonyesha.

Sisi watu wa huku mfano huo wa pili tunauelewa bila mwalimu. Mtu akija kwako saa sita mchana, hajui kisima kiko upande gani, ukanyamaza kwa sababu hajauliza swali sawasawa, ukoo mzima utakusema. Hakuna atakayekutetea kwamba hukusema uongo.

Tena kunyamaza kunaharibu soko lenyewe. Mwaka 1970 mchumi Mmarekani George Akerlof aliandika makala juu ya soko la magari yaliyotumika, na mwaka 2001 akapewa pamoja na wenzake wawili tuzo ya Nobel ya uchumi. Hoja yake ni rahisi. Muuzaji anajua gari lake, mnunuzi hajui. Kwa hiyo mnunuzi mwenye akili atatoa bei ya katikati, maana huenda ni zuri, huenda ni bovu. Mwenye gari zuri anaona bei hiyo haimfai, anaondoka. Mwenye gari bovu anafurahi, anabaki. Mwishowe soko linajaa mabovu na hakuna anayemwamini mwenzake. Dalali aliponinyamazia alichukua pesa yangu, na pia aliniachia sababu ya kumnyamazia mwingine. Uovu wa aina hii unarithishwa kama jembe.

Lakini nisiruke ile hoja iliyonishika zaidi: ufa umeshatengenezwa. Hii inatugusa sisi watu wa wokovu, maana tunaamini Mungu akisamehe amesamehe. Je, kila kilichovunjika zamani lazima kitangazwe? Mtu aliyeokoka ajitambulishe kila mahali kwa dhambi zake za mwaka 2005? Hapana. Huo si uaminifu, ni kumfunga mtu kwenye jina ambalo Mungu amelifuta. Kipimo nilichokipata ni hiki: nani atabeba hatari? Kama kilichopita hakimweki mwingine kwenye hatari asiyoijua, ni kati yako na Mungu wako. Lakini mtu anayekaribia kuweka uzito wake juu ya mahali palipowahi kuvunjika ana haki ya kujua. Aliyewahi kuiba anasamehewa leo, ila akiombwa kuwa mweka hazina aseme kabla ya kupokea ufunguo. Aliyesamehewa hapotezi kitu kwa kusema, na wenzake wanapata nafasi ya kuamua wakiwa macho. Ufa wetu ulitengenezwa kwa mzigo wetu. Haukutengenezwa kwa mzigo wake, na watu ambao wangekaa juu ya mzigo huo hata hawakuwepo mezani tulipopatana bei.

Alhamisi alipokuja nikamwambia, "Mzee wangu, kabla hujahesabu pesa, njoo tulale chini." Tukalala chini wote wawili, kanzu yake na shati langu, nikamwonyesha bamba. Nikamrudishia maneno ya fundi bila kupunguza. Alikaa kimya sana. Halafu akasema, "Mchungaji, hata kwetu dini inakataza kuuza kitu na kuficha aibu yake. Lakini kwa nini hukusema Jumatatu?" Sikuwa na jibu. Alinunua kwa shilingi 470,000, akasema atabeba mzigo mwepesi na chasisi ataiimarisha.

Kama hadithi ingeishia hapo ingekuwa ushuhuda mtamu. Haikuishia hapo. Tulipungukiwa shilingi 90,000, kila mmoja 30,000. Yule kijana wa simu akaniambia neno ambalo sijalisahau: "Pasta, wewe umetubu kwa pesa zetu." Mzee wetu hakusema kitu, na hilo lilikuwa zito zaidi, maana karo ilipungua na mimi ndiye niliyempunguzia.

Je, nilikuwa na haki ya kuwa mwaminifu kwa pesa ya wengine? Nimefikiri sana. Kwa upande mmoja, zile 90,000 hazikuwa zetu kamwe. Zilikuwa malipo ya nguvu ambazo gari halikuwa nazo. Mzee hawezi kudai fungu lake la bei ya uongo, wala mimi siwezi kumkosea kwa kutompa kitu kisicho chake. Kwa upande mwingine, nilikuwa na siku tatu za kuketi na wenzangu na kuwaambia, ndugu, jambo hili linanisumbua. Sikuketi nao. Nilificha ufa kwa mnunuzi siku tatu, na kwa wenzangu nilificha vita vya moyo wangu, halafu nikaamua peke yangu kwa niaba ya wote. Bei niliyosema mwishoni ilikuwa ya haki. Njia niliyoifikia haikuwa ya haki.

Niliwaomba msamaha wote wawili. Mzee nikampa shilingi 15,000 kutoka fungu langu, kwa awamu. Sikumpa kwa sababu ukweli ulikuwa na kosa. Nilimpa kwa sababu niliuchelewesha, na kuchelewa kwangu kulimfanya aiahidi shule pesa ambayo haikuwepo. Zaburi ya 15 inamsifu mtu asiyebadilisha neno lake hata likimwumiza yeye. Nilijifunza kuangalia ni nani anaumia. Ukweli unaoumiza jirani peke yake na kumwacha mhubiri akiwa msafi, huo nao uchunguzwe.

Basi ndugu yangu uliyeniuliza mlangoni, jibu langu bado ni ndiyo, lakini sasa nakuongezea. Sema kabla hujaulizwa, na sema mapema, siku ambayo bado ni rahisi. Na kama mali ni ya watu watatu, waambie hao wawili kwanza.

Kwa vikundi vya nyumbani wiki hii, jadilini: Ni kitu gani unauza, unakodisha au unaahidi sasa ambacho mwenzako hajakiona kwa chini? Na ni nani atakayekaa juu ya mzigo huo bila kuulizwa?

Bwana atupe ujasiri wa kulala chini pamoja na jirani na kumwonyesha. Amina.