Fundi na Redio Iliyonyamaza

Katika nyumba za wazee, Msambweni au Diani, msomaji, huenda ukakuta juu ya kabati sanduku la mti lenye kitambaa usoni na vifundo viwili vitatu. Hiyo ni redio ya valvu. Transista ilivumbuliwa Marekani mwaka 1947, lakini haikufika mikononi mwa watu mara moja. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilipoanza mwaka 1957, valvu zilikuwa bado zikitumika sana. Valvu ni chupa ndogo ya kioo iliyotolewa hewa. Ndani yake mna uzi uwakao kwa wekundu, na joto lake hurusha chembe za umeme ambazo kwazo sauti dhaifu iliyonaswa hewani hupata nguvu.

Tuseme bibi mjane ana redio ya namna hii, aliyoachiwa na mumewe, nayo imenyamaza. Ampelekea fundi kijana, amwambia: "Mwanangu, nirudishie sauti yake ile ile."

Fundi asihukumu upesi. Katika baadhi ya redio hizi nyuzi za valvu zote zimeungwa katika mkondo mmoja. Ukikatika uzi mmoja zote hupoa, na valvu nne zisizo na kosa huonekana zimekufa pamoja na moja mbovu. Pengine valvu ya mwisho, ile isukumayo spika, imeungua. Fundi mvivu huing'oa, hutia mpya, redio huimba, naye hupokea ujira wake. Kisha ile mpya nayo huungua, kwa sababu mkosaji hakuguswa: ni kapasita ya karatasi na nta, kitu kisichozidi kidole, ambayo huvujisha umeme mahali usipotakiwa. Unyevu wa pwani huidhuru sana. Mara nyingi haina moshi wala alama ya kuonekana kwa macho. Hutafutwa kwa mita na kwa subira. (Na kabla ya kuitafuta, fundi ahakikishe kapasita kubwa zimetolewa umeme wake, maana huweza kushika mamia ya volti hata baada ya redio kuchomolewa. Kutia kidole humo si ushujaa.)

Lakini iko njia nyingine, nayo ndiyo inayonishughulisha zaidi. Fundi aweza kuyatoa matumbo yote ya redio ile, akaficha ndani ya sanduku redio ndogo ya kisasa. Sauti itatoka safi. Bibi atafurahi, atamwombea dua, na huenda asijue maisha yake yote. Je, amedhulumiwa?

Wako watakaosema hapana, kwa kuwa alitaka sauti naye kaipata. Tena watauliza: fundi mwaminifu naye si hutia kapasita mpya? Akibadili kumi, redio imebaki ile ile? Akibadili valvu zote, je? Swali hili si jepesi, na mimi siamini kwamba litajibiwa kwa kuhesabu vipande. Nauliza neno jingine: je, fundi aweza kufungua mgongo wa sanduku mbele ya bibi yule na kumwonyesha alichofanya? Aliyebadili kapasita aweza, tena kwa fahari. Aliyeficha ataomba Mungu parafujo zisilegee. Hakumwibia fedha, lakini alimwamulia jambo lililokuwa lake kuamua, na kwa kuwa yeye ni mzee asiyejua mambo ya umeme, kumwamulia kulikuwa rahisi mno.

Basi na amweleze kabla ya kugusa kitu: "Bibi, kuiponya hii ni kazi ya siku nyingi, na gharama ni kadha, kutia nyingine ndani ni kazi ya leo." Akisema, "Hewala, tia," hakuna hila tena, hata kama chombo ni kile kile ambacho mwenzake angalikificha. Na akikataa yote mawili, amrudishie sanduku lake likiwa kimya vivyo hivyo, na matumbo yake yote ndani.