Mtani wa Mtawala: Swala la Maadili katika Tashtiti ya Televisheni

Katika mijadala yetu kuhusu tashtiti, aghalabu tunachukulia kwamba kejeli inayomlenga mwenye mamlaka ni jambo jema kwa dhati yake, na kwamba kazi ya mhakiki ni kuonyesha tu jinsi ilivyofumwa. Makala haya yanakusudia kulitilia shaka wazo hilo. Swali letu ni la kimaadili kabla ya kuwa la kifani: tashtiti iliyopewa ruhusa na yule yule ambaye inamcheka, je, bado ni tashtiti, au imegeuka kuwa kitu kingine ambacho lugha yetu ina jina lake?

Mfano tutakaoutumia ni kipindi cha televisheni cha BBC kilichoitwa That Was The Week That Was, yaani mapitio ya wiki iliyokwisha, ambacho kilirushwa kwa mara ya kwanza usiku wa Jumamosi, tarehe 24 Novemba 1962. Mtayarishaji wake alikuwa Ned Sherrin, mwendeshaji wake kijana David Frost, na mwimbaji wake Millicent Martin aliyekifungua kila wiki kwa wimbo uliotungwa upya kutokana na habari za siku hizo. Kipindi kiliwekwa mwishoni kabisa mwa matangazo ya siku, saa ambayo watoto wamelala na wazee wameanza kusinzia. Saa hiyo yenyewe ilikuwa namna ya ruhusa. Hata hivyo watazamaji walifikia mamilioni, na Waingereza wengi waliowahi kuwa vijana wakati ule wamekuwa wakisimulia kwamba hapo ndipo heshima ya woga kwa wakubwa ilipokufa nchini mwao.

Simulizi hiyo ni tamu, lakini haithibitiki kwa urahisi. Ni kweli kwamba mwaka 1963 ulikuwa mchungu kwa serikali ya Harold Macmillan. Waziri wake wa vita, John Profumo, alijiuzulu mwezi Juni baada ya kukiri kwamba alilidanganya Bunge. Macmillan mwenyewe aling'atuka mwezi Oktoba, akiwa mgonjwa. Mwaka uliofuata chama cha Labour kilishinda uchaguzi kwa wingi wa viti vinne tu bungeni. Lakini Profumo aliangushwa na uongo wake, na Macmillan aliondoka kutoka kitanda cha hospitali. Anayetaka kuipa kejeli sifa ya kuung'oa utawala ule ana kazi kubwa ya kuonyesha ni kicheko kipi hasa kilichofanya nini.

Ushahidi wenye uzito zaidi unatoka kwa Macmillan mwenyewe. Kipindi kilipokuwa na majuma machache tu tangu kuanza, Postamasta Mkuu, Reginald Bevins, alikuwa anafikiria kuchukua hatua dhidi yake. Waziri Mkuu alimwandikia akimzuia. Hoja yake ilikuwa kwamba kuchekwa ni jambo jema, na ni afadhali kuliko kusahauliwa. Tuyatafakari maneno hayo kwa makini, kwa sababu ndani yake mna nadharia nzima ya tashtiti iliyotungwa na mtu anayechekwa.

Alichokitaka Macmillan, kwa istilahi yetu, ni utani. Sisi tunaujua utani kama asasi, wala si kama mzaha wa kupita. Mtani anaweza kukutolea maneno mazito mbele ya wakwe zako. Katika baadhi ya jamii anaweza hata kuwazuia wabebaji wa maiti njiani hadi apewe chochote. Aliyetaniwa hana haki ya kukasirika, na akikasirika yeye ndiye aliyevunja mila. Lakini sharti la utani ni kwamba mwisho wa siku uhusiano uwe umekazwa, usiwe umekatwa. Mtani hakushtaki. Anakuhakikishia kwamba wewe ni wa kwao, na ndiyo sababu mtu asiye na watani ni mpweke. Mtawala mwenye busara, basi, anapoona kejeli inamjia, hukimbilia kujifanya mtani wake. Akifaulu, makali yameondoka na yeye amepata umaarufu juu yake.

Msomaji anaweza kusema kwamba mtungaji wa kejeli hawezi kulaumiwa kwa ujanja wa mtawala. Pengine. Hata hivyo, ana wajibu wa kuchunguza ni kicheko cha namna gani anachokitoa. Kwa hakika kipindi hiki kilikuwa na nyakati ambazo kicheko chake kilikataa kugeuzwa utani. Henry Brooke, Waziri wa Mambo ya Ndani, aliandamwa kwa ukali ambao haukumwachia nafasi ya kutabasamu, kwa kuwa maamuzi yake yaligusa uhai wa watu. Tusisahau kwamba ni Brooke huyo huyo aliyesimamia kurudishwa kwa Anthony Enahoro nchini Nigeria mwezi Mei 1963, ambako alishtakiwa kwa uhaini na kufungwa. Wakati huo msimu wa kwanza wa kipindi ulikuwa umekwisha. Kicheko kilikuwa kimemwumbua waziri, lakini hakikuizuia ndege.

Mfano mgumu zaidi ni ule wa Mississippi. Mwaka 1963, mauaji ya watu weusi na watetezi wao yakiendelea katika majimbo ya kusini ya Marekani, Millicent Martin alijitokeza amevaa kama Uncle Sam, akaimba wimbo wa furaha wa kutamani kurudi Mississippi, maneno yake yakiwa yamegeuzwa kuwa ya damu na kunyonga. Nyuma yake waliitikia waimbaji Wazungu waliopakwa rangi nyeusi usoni. Mishale ilikuwa miwili. Mmoja uliwalenga wauaji. Wa pili uliilenga BBC yenyewe, iliyokuwa ikirusha tangu 1958 tamasha la Wazungu waliopakwa weusi, The Black and White Minstrel Show, na kulionea fahari.

Nilipowasimulia wanafunzi wangu wa uzamili onyesho hili, nilitarajia wasifu ujasiri wake. Mmoja aliuliza swali ambalo sijalimaliza hadi leo: mtu mweusi aliyekuwa akitazama usiku ule huko London alitakiwa acheke mahali gani? Nadharia ya kinaya inamjibu kwamba kinyago kilivaliwa ili kijiumbue chenyewe. Lakini jibu hilo linamtaka mtazamaji huyo avumilie kuona uso wake ukipakwa masizi tena, safari hii kwa nia njema, ili Wazungu wafundishane maadili. Naliona onyesho hilo kuwa la kweli na la kuumiza kwa pamoja, wala sidhani kwamba sifa moja inaifuta nyingine. Na tamasha lililochekwa? Mwaka 1967 BBC ililetewa ombi la maandishi la kutaka lisimamishwe, lakini likaendelea hadi 1978. Shirika lilikuwa limeitania nafsi yake, likasamehewa na nafsi yake.

Hapa Afrika Mashariki swali hili si la mbali. Vinyago vya XYZ Show, vilivyoanza kuonyeshwa Kenya mwaka 2009 chini ya mchoraji Gado, vina ukoo wa wazi na vile vya Spitting Image, kipindi cha Uingereza cha 1984 hadi 1996. Kuhusu Spitting Image ilisemwa mara nyingi kwamba wanasiasa walijivunia kuwa na kinyago chao humo. Mtu anayejivunia kuchekwa ameshapata mtani.

Jambo moja, hata hivyo, linaitatiza hoja yangu, nami sina budi kulitaja. Kipindi cha Sherrin kilifungwa tarehe 28 Desemba 1963, na sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba mwaka uliofuata ni wa uchaguzi. Kumbe mle mle ndani ya BBC walikuwapo walioamini kwamba kejeli hiyo inaweza kumfanya mpiga kura aamue vingine. Macmillan aliona utani. Wao waliona hatari. Na majuma matano tu kabla ya hapo, usiku wa tarehe 23 Novemba, siku moja baada ya Rais Kennedy kuuawa, kipindi hicho hicho kilirushwa bila kichekesho hata kimoja: watu wale wale, studio ile ile, wakiomboleza kwa dakika kama ishirini. Maneno ya usiku huo yalipelekwa Marekani na kuingizwa katika kumbukumbu rasmi za Bunge la huko. Ndicho kipindi pekee katika mlolongo wote ambacho wakubwa wa dunia walikikumbatia bila kusita, na ndicho pekee ambacho hakikuwa na mtu wa kumcheka.