Ua la Porini na Altare

Kanisa kuu la mji wetu wa Kisangani limewekwa chini ya ulinzi wa Bikira Maria wa Rozari. Neno hilo latoka katika Kilatini, na maana yake ya kwanza ni bustani ya mawaridi. Lakini nani kati yetu ana bustani ya mawaridi hapa kando ya mto? Joto na mvua zetu huyalemea. Majani hupata madoa meusi, yakaanguka, nawe wabaki na fimbo yenye miiba. Wala msitu wetu hauna waridi lake. Lile waridi jeupe la mwitu la Afrika ni la milima ya Uhabeshi na nchi jirani zake.

Basi, tukanunua maua ya plastiki. Siku moja, katika mwezi wa Rozari, mama mmoja mzee alifika mlangoni na tawi la maua mekundu alilolikata ukingoni mwa msitu. Mmoja wetu akamwambia, “Mama, hilo ni ua la porini, si la altare.” Akajibu, “Ndiyo, mwanangu,” akageuka. Misa haachi, lakini tangu siku ile mikono yake huja mitupu.

Mama huyu alikosa nini? Ua lile wataalamu huliita Mussaenda erythrophylla, nalo hujiotea katika misitu yetu. Kile chekundu kinachoonekana toka mbali si ua lenyewe, ni moja ya majani madogo yanayolishika, lililokua kupita wenzake. Ua ni dogo, rangi ya maziwa, limekaa katikati. Huko Ufilipino wataalamu wa bustani walilichanganya na la kwao, na miche iliyozaliwa wakaipa majina ya wake za marais. Kumbe ugenini hupewa majina ya wakubwa, na kwetu hufukuzwa mlangoni!

Wengine watasema: sadaka lazima igharimu. Mfalme Daudi alikataa kumtolea Mungu kitu cha bure, akalipia kiwanja na ng’ombe. Hoja hii si ndogo. Lakini je, gharama ni fedha tu? Alipandaye ua hili hukata vipande vya tawi, huviweka kivulini katika udongo wenye maji, na vingine humfia. Likishika, lataka kupanda juu ya kila kitu, hata alipogoe mara kwa mara. Plastiki ilitutoa fedha, kisha haikutudai hata kikombe cha maji.

Hata hivyo tusijidanganye. Mama hakulipanda ua lake, alilichuma tu. Kama twasema lafaa altare kwa kuwa sasa limo bustanini mwetu, twarudia neno la mlangoni kwa sauti ya upole. Yeye alitoka nyumbani asubuhi, akatembea mpaka msituni, akachagua tawi zuri kuliko yote aliyoyaona. Mjane wa Injili alipimwa kwa kipimo gani?

Tulimwendea kwake, tukamwomba msamaha, na kipande cha kupanda. Alituangalia mmoja mmoja, akauliza kwanza kama yule ndugu wa mlangoni yupo kati yetu. Alikuwapo.