Picha na Kiota

Siku hizi mtu akienda shambani huko Mutwanga, chini ya milima ya Ruwenzori, simu yake ni kamera pia. Amwonapo chozi akinyonya ua, humpiga picha. Je, amemnyang'anya kitu? La. Mwindaji huondoka na ndege. Yeye huondoka na picha tu. Lakini akifunua majani ili kiota kionekane vizuri, mayai hubaki wazi kwa jua, nyoka na kunguru. Atasema: "Sikugusa yai hata moja." Kweli, ila ameondoa maficho, na ndege hana pa kumshtaki. Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, ina askari wake. Kiota cha kando ya njia kina mlinzi mmoja tu: dhamiri ya mpita njia. Basi, picha isiyopatikana bila kufunua majani, tuiache.