Aliyeombewa, Kidonge Akimeze?

Usiku ukitulia, mtu aliyewekewa vali ya chuma moyoni husikika. Tik, tik, mlio mdogo mkavu kila vali inapofunga, kama saa iliyosahauliwa chini ya mto. Vali ya namna hiyo hudumu miaka mingi, lakini damu hupenda kuganda juu yake, na bonge likichomoka likafika kwenye ubongo, huleta kiharusi. Kwa hiyo mwenyewe humeza warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, kila siku, maisha yake yote.

Hapo ndipo linapoingia swali linaloulizwa makanisani na barazani, mara nyingi kwa sauti ya chini: mtu akishaombewa na kutangaziwa kwamba amepona, akiendelea kumeza kidonge si amemtilia Mungu shaka?

Anayeuliza ana hoja yake. Uponyaji anaousoma katika Injili ni wa papo hapo: aliyepooza anajitwika godoro lake, kipofu anaona, na hakuna anayepewa kadi ya kliniki. (Wakoma kumi walitumwa wakajionyeshe kwa makuhani, kwa hiyo pengine hata enzi zile mgonjwa aliyepona alipaswa kukaguliwa.) Kidonge cha kila jioni kinamkumbusha kwamba jambo lake halijaisha, na hilo humkera kuliko dawa yenyewe.

Maandiko hayamsaidii sana. Yoshua bin Sira, kitabu kilichomo katika Biblia ya Wakatoliki, kinataka daktari aheshimiwe na kinahesabu dawa kuwa kazi ya Mungu. Waislamu nao wanakijua kisa cha mtu aliyemuuliza Mtume kama amwache ngamia wake bila kumfunga kwa kumtegemea Mungu. Aliambiwa amfunge, kisha ategemee. Kisa hicho hutajwa sana, lakini mara chache mtu hukumbuka kwamba ngamia hafungwi mara moja tu. Aliyefungwa jana, leo akiachwa huru, huenda zake.

Warfarin yenyewe haisamehi kirahisi. Asili yake ni majani makavu ya mifugo yaliyooza huko Amerika Kaskazini, yaliyofanya ng'ombe wavuje damu hadi kufa. Maabara ya mwanakemia Karl Paul Link, Wisconsin, ikakitambua kilichomo, na mwaka 1948 warfarin ikaanza kuuzwa kama sumu ya panya. Binadamu waliruhusiwa kuitumia mwaka 1954. Kinachoitenga tiba na sumu ni kipimo tu. Kwa vali ya mitral, mojawapo ya vali za moyo, namba ya kipimo cha kuganda kwa damu inayoitwa INR hutakiwa iwe kati ya 2.5 na 3.5; ikishuka damu huganda, ikipanda huvuja. Kisamvu na mchicha, kwa vitamini K iliyomo, huivuta chini. Wengi huambiwa waache mboga za majani kabisa, na ni ushauri mbaya: heri kula kiasi kilekile kila wiki kuliko kujinyima siku kumi, kisha kumaliza sahani mbili kwenye harusi.

Kero ya kuipima namba hiyo mara kwa mara ndiyo iliyowafanya watafiti wajaribu rivaroxaban, dawa isiyohitaji INR. Utafiti wa INVICTUS, uliochapishwa mwaka 2022, ulihusisha watu zaidi ya 4,500 katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Hawakuwa na vali za chuma. Moyo wao ulidhuriwa na ugonjwa unaoanzia kwenye maambukizi ya koo, na mapigo yao yalikuwa ya ovyo. Wengi walitarajia dawa mpya ingelingana na ya zamani au kuishinda. Badala yake, waliokufa walikuwa wachache zaidi upande wa dawa za zamani, yaani warfarin na jamii yake.

Sababu bado inajadiliwa. Maelezo mojawapo ni kwamba waliopewa dawa za zamani walilazimika kurudi kliniki mara kwa mara kupimwa, na huko walikutana na mtu aliyewatazama. Ikiwa ndivyo, aliyemtenga Mungu na kidonge aliuliza swali dogo mno, maana hata kidonge hakijulikani kama kilifanya kazi peke yake.

Kwenye benchi la kliniki, nesi huchoma kidole, husubiri mashine, husoma namba. Ikiwa 1.9 huinua macho: "Mama, juzi ulikula nini?" Mama hucheka kwanza, ndipo amtaje mpwa wake aliyeoa Jumamosi. Kisha tarehe nyingine huandikwa kwenye kadi.